Adadi Iliyokataa Kupangwa Safu

Tegeni masikio, na mwenye donge moyoni aliache mlangoni pamoja na viatu vyake, maana hekaya hii inamhusu, na sitaki kesho nisikie kwamba nimemsengenya.

Palikuwa na mji ukiitwa Kaharabu, mji wa mawe mekundu uliojengwa chini ya jabali kame, na sultani wake alikuwa kijana, Sultani Muntasiri bin Dhuhaki, aliyekalia kiti siku ya arubaini baada ya baba yake kufariki, na pamoja na kiti akarithi majumba, farasi, askari na jini mmoja. Jini huyo jina lake Zarkamani, na mji mzima ulikuwa ukinywa kwa hisani ya bega lake, kwa kuwa chemchemi ya Kaharabu ni moja tu, nayo ilitoka chini ya jiwe kubwa ambalo Zarkamani alilinyanyua kidogo kwa bega la kushoto, mwaka nenda mwaka rudi, kwa ahadi aliyofunga na babu wa masultani.

Na ahadi yenyewe ilikuwa hivi. Majini wa kabila lake hupenda safu zilizo sawa kuliko wanavyopenda ubani. Basi kila sultani mpya akikalia kiti humpa Zarkamani adadi moja kubwa kuliko alizopewa zamani, na jini huzitandaza kokoto kwa adadi ile, na kujaribu kuzipanga safu mbili au zaidi zilizo sawasawa, pasibaki hata kokoto moja pembeni. Akiweza, ahadi imekatika, na jini huliachia jiwe, na maji hukauka, na yule aliyeitoa adadi huwa mtumwa wake wa kubeba kokoto. Asipoweza huinama na kutumika mpaka sultani mwingine. Mpe kumi na mbili, atakucheka, maana ni safu tatu za nne nne. Mpe saba, atahangaika, maana akizipanga mbili mbili inabaki moja, akizipanga tatu tatu inabaki moja, wala hana njia ila kuziweka zote mstari mmoja, na mstari mmoja kwa majini si safu. Adadi kama hiyo wenye elimu huiita tasa. Ndogo zake kila mtoto wa Kaharabu alizijua, bali kubwa hazina alama usoni, na mtu hazitambui mpaka azijaribu.

Sasa, aliyekuwa mkubwa wa elimu hiyo alikuwa Sheikh Mudathiri bin Sharhabili, hasibu mkuu wa ikulu. Zamani za ujana wake yeye ndiye aliyempa baba wa sultani adadi ya elfu moja na tisa, na Zarkamani akainama mbele ya mji mzima, na tangu siku hiyo Mudathiri alivikwa kilemba cha hariri ya kijani na kuketi mkono wa kulia wa kiti, miaka thelathini. Alikuwa msomi kwelikweli, tusimnyime haki yake. Lakini mtu aliyesifiwa miaka thelathini peke yake hudhani sifa ni sahani ya wali, mwingine akichota mkono mmoja yeye amepunguziwa.

Sultani Muntasiri alipotangaza kwamba inatafutwa adadi mpya, na kwamba mwenye chochote akionyeshe kwanza kwa Sheikh Mudathiri, watu walifurika barazani kwake. Akaja mchinja ng'ombe na elfu moja mia moja na kumi na moja, aliyoipenda kwa sababu ya umbo lake. Mudathiri akaiangalia, akaivunja safu kumi na moja za mia na moja, na yule bwana akaenda zake ameinamisha kichwa. Wakaja wengine arubaini, akawavunjia wote, na kila aliyemvunjia alimpa kikombe cha kahawa, kwa maana alikuwa na furaha sana siku hizo.

Siku ya nne, baada ya alasiri, akaja binti mmoja jina lake Rayya binti Mbaruku, mshona kofia, yatima wa baba, amejitanda buibui lililopauka, na kikapu cha kazi yake kwapani. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaambiwa aseme upesi.

Rayya akasema, "Sheikh, mimi nashona kofia za viua. Mshona kofia asipojua adadi ipi inagawika na ipi inakataa, ua lake la mwisho litakutana na la kwanza likiwa nusu, na kofia imeharibika. Katika kazi hiyo nimeona jambo. Shika moja, uiongeze maradufu mara tatu, utapata nane. Toa moja, una saba. Ifanye maradufu mara tano, utapata thelathini na mbili. Toa moja, una thelathini na moja. Ifanye mara saba, utapata mia na ishirini na nane. Toa moja, una mia na ishirini na saba. Zote tasa. Na hizo tatu na tano na saba zenyewe ni tasa."

Mudathiri akazifuata kwa kidole juu ya ubao wake wa mchanga, na kila alipofika akakuta ni kweli. Elfu moja na tisa ilimtoa jasho siku tisa, usingizi hapati, chakula hakishuki, akipapasa adadi moja moja kama kipofu anayetafuta sindano, na huyu msichana wa kofia, mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano, anazipandia adadi tasa kama mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwao. Na lililomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuliona jambo hilo, na lilikuwa jepesi, na mtoto angelielewa. Mara ile akaiona ikulu, akamwona Rayya ameketi mkono wa kulia wa kiti, na yeye amesogezwa nyuma karibu na mlango, pamoja na wapepeaji.

Rayya akaendelea, "Lakini njia hii, Sheikh, ina shimo katikati. Imo moja inayodanganya, nami niligundua kwenye kofia. Ngoja nikuonyeshe." Akatia mkono kikapuni.

"Inatosha," Mudathiri akasema. "Nimeelewa. Mambo haya yanajulikana tangu zamani, binti, ila hatuyasemi ovyo. Nenda, nikikuhitaji nitakuita."

Rayya akabaki na mkono kikapuni. Akajaribu kusema tena, na Mudathiri akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Alimdhania anataka kuongeza maneno ili aonekane anajua mengi, maana mwenye gere hata akionywa na nyoka miguuni pake hudhani anachekwa.

Huko ndani akaketi na ubao wake. Akasema moyoni, baada ya tatu na tano na saba, tasa inayofuata ni kumi na moja. Akaifanya moja maradufu mara kumi na moja, akapata elfu mbili na arubaini na nane, akatoa moja, ikabaki elfu mbili na arubaini na saba. Ilikuwa adadi nzuri, kubwa maradufu kuliko ile ya ujana wake. Na kwa kuwa alikuwa msomi, asubuhi yake akaanza kuijaribu kwa utaratibu. Akaigawa kwa tatu, ikabaki moja. Kwa tano, zikabaki mbili. Kwa saba, tatu. Kwa kumi na moja, moja. Kwa kumi na tatu, sita. Kwa kumi na saba, saba. Kwa kumi na tisa, kumi na nne. Alikuwa ameshanyoosha mchanga ili ajaribu ishirini na tatu, mtumishi wake akaingia akamwambia kwamba yule binti wa kofia yuko lango la ikulu, anaomba kuingia.

Jamani, wivu una miguu. Sheikh Mudathiri, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alitoka na kiatu kimoja, akapita njia ya uani, akatokea ukumbini mbele ya Sultani huku anahema, asije akatanguliwa. Na maskini Rayya hakuwa amekwenda kumshtaki mtu. Alikwenda ikulu kwa kuwa aliambiwa barazani kwamba huenda Sheikh yuko huko, na alitaka kumalizia lile neno alilokatizwa.

Mudathiri akapiga magoti, akanena kwa sauti ya ukumbini, "Mawlana, Mungu akupe umri. Mtumwa wako amekesha katika bahari ya hesabu, amekuletea lulu. Adadi ya kufungia ahadi ni elfu mbili na arubaini na saba." Sultani akamshika mkono, akamwinua, akaagiza zumari zipigwe. Watu wakatoka kuelekea chemchemini, na walipopita langoni Rayya alimwita Sheikh mara mbili. Alimsikia, hakugeuka.

Zarkamani alikuwa amekaa chini ya jabali, mkubwa kama msikiti, jiwe begani. Akaisikia adadi, akanyoosha mkono wa kulia, na kokoto elfu mbili na arubaini na saba zikamiminika uwanjani. Akajaribu chache chache, zikabaki, na Mudathiri akatabasamu. Kisha jini akazikusanya upya, akazipanga safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka safu ishirini na tatu, na kila safu ilikuwa na kokoto themanini na tisa, na alipoiweka ile ya mwisho uwanja ulikuwa mweupe, hapana hata moja pembeni.

Mudathiri akazihesabu kwa macho, akaona ni kweli, akakumbuka mchanga aliounyoosha akauacha. Ilibaki hatua moja, nayo aliiacha kwa kumkimbia mtoto wa watu.

Zarkamani akasema, "Ningeweza kuliachia jiwe sasa hivi. Lakini ushindi mwepesi namna hii unaniaibisha mbele ya ndugu zangu. Nawapa siku tatu. Nileteeni adadi isiyopungua laki tano. Nikiipanga, maji yatakwenda na huyu mzee atakwenda. Nikishindwa, nitatumika, na mtampata mzee wenu. Mpaka siku hiyo ni wangu." Akamgusa Mudathiri kwa kidole, na kilemba cha kijani kikaanguka, na juu ya kichwa likatua karai la kokoto.

Basi Sultani akarudi ikulu na huzuni, na huko langoni ndiko alikomkuta Rayya bado amesimama. Akamuuliza shida yake, na Rayya akamweleza kwamba alikuwa na neno kuhusu kumi na moja, na kwamba amechelewa. Hakusema zaidi ya hapo. Sultani akamtaka atafute adadi ya laki tano, na Rayya akaomba uzi, kitambaa na chumba chenye mwanga, akafungiwa humo siku mbili.

Siku hizo mbili Mudathiri alibeba kokoto kutoka upande huu wa uwanja kwenda upande ule, na kutoka upande ule kuzirudisha. Mabega yalichubuka, lakini si mabega yaliyomtesa. Alisikia wateka maji wakiambiana kwamba binti Mbaruku anashughulikia jambo hilo, kwamba inshallah ataweza, kwamba ana kichwa kile. Na kila jina lake lilipotajwa lilikuwa zito kuliko karai. Akajiambia kuwa hataweza. Kisha akakumbuka kwamba asipoweza Rayya, yeye Mudathiri atabeba kokoto mpaka kiyama, na bado, na bado, wazo la kwamba hataweza likampa ahueni kidogo. Tazameni maradhi haya yanavyomfanya mtu.

Asubuhi ya tatu mji mzima ulikuja uwanjani. Rayya akasimama mbele ya jini, buibui lake lile lile, akasema, "Moja iliyofanywa maradufu mara kumi na tisa, ikatolewa moja. Ni laki tano na ishirini na nne elfu, mia mbili na themanini na saba."

Zarkamani akacheka, akasema kwamba adadi hiyo ataijaribu kwa kila safu inayowezekana, na watakaa hapo mpaka mvi. Rayya akamjibu, "Hapana haja, na wewe unajua. Kwa adadi iliyozaliwa hivi, safu itakayoigawa haina budi iwe thelathini na nane, yaani kumi na tisa mara mbili, na moja zaidi, au thelathini na nane mbili na moja zaidi, au thelathini na nane tatu na moja zaidi, na kuendelea. Nyingine zote hazina mlango. Na ukipita mia saba ishirini na tatu umemaliza, kwa sababu safu zikiwa ndefu kuliko hapo, wingi wa safu zenyewe unakuwa mdogo, na huo mdogo umekwisha kuujaribu. Una mara kumi na tisa tu za kujaribu. Kumi na moja nayo ina sheria hiyo hiyo: mlango wake wa kwanza ni ishirini na tatu, na ulikuwa wazi."

Jini akasema, "Hiyo ni siri ya majini. Nani alikwambia?"

Akasema, "Uzi. Nikiruka tundu la kwanza, la pili, la nne, la nane, nikizunguka kofia hivyo hivyo kwa maradufu, uzi hurudi nyumbani baada ya miruko fulani. Nimeifuata miruko hiyo miaka kumi, ndipo nikaona inarudi kwa sheria."

Mudathiri alisimama na karai kichwani, akayaelewa yote mara moja, kwa kuwa hakuwa mjinga, na ule uzuri wa neno lile ukamchoma rohoni vibaya. Na jini akamwamuru, kwa kuwa ni mtumwa wake, asimame mwisho wa safu na kutangaza kwa sauti zilizobaki, kila mara, watu wote wasikie.

Kokoto zikashuka kutoka jabalini kama mvua ya mawe, zikafunika uwanja na mashamba ya ng'ambo. Zarkamani akazipanga thelathini na tisa tisa. Mudathiri akakimbia mpaka mwisho, akahesabu, akatangaza, "Zimebaki kumi." Akazipanga sabini na saba saba, na safu ya mwisho ikaanza kujaa, ikafika arubaini, ikafika sitini, ikafika sabini, na Mudathiri akahisi moyo wake unarukaruka kwa matumaini, akajikuta anasema kimoyomoyo, ingia, ingia, timia. Ikasimama. Zilipungua sita. "Zimebaki sabini na moja," akatangaza, na hapo ndipo alipojisikia, akaganda. Alikuwa amemwombea nani? Safu ile ingetimia, maji ya watoto yangekauka, na yeye mwenyewe angekwisha. Na aliiombea itimie, kwa sababu tu adadi haikuwa yake.

Akajikemea, akaenda kwenye mpango wa tatu, na ombi lile likaja tena bila kuitwa. Safu za mia tatu themanini na moja moja zilibakiza thelathini na moja, akasikitika. Nyingine zilibakiza mia na zaidi, akasikitika. Jua likapanda, watu wakajitandia vitambaa kichwani, na mzee akakimbia huku na huko akitaja mabaki, na kila alipotaja alikuwa anajifungulia mnyororo wake mwenyewe kwa mkono usiotaka. Mara ya kumi na tisa jini akazipanga mia saba ishirini na tatu tatu. Mudathiri akaifikia safu ya mwisho, akahesabu taratibu, akarudia, sauti ikamtoka kama ya mgonjwa. "Zimebaki mia na kumi na mbili."

Zarkamani akainamisha kichwa mpaka mavumbini, akalinyanyua jiwe shibri moja zaidi, na maji yakatoka kwa kishindo yakafika kwenye magoti ya watu. Karai likaanguka kutoka kichwani pa Mudathiri. Vigelegele vikapigwa, na katika vigelegele hivyo Sultani akamuuliza Rayya mbele ya watu, ile elfu mbili na arubaini na saba ilikuwa ya nani. Mudathiri akafumba macho.

"Ilikuwa ya Sheikh, Mawlana," Rayya akasema. "Mimi kumi na moja sikuitoa."

Na lilikuwa neno la kweli, na lilikuwa stara, na Mudathiri angeweza kuondoka nalo mzima. Lakini stara ya mtu unayemhusudu haivaliki. Akapiga magoti katika maji, akasema, "Mawlana, njia ilikuwa yake, nikamwibia nusu yake, nusu nyingine nikakataa kuisikia. Na si hilo tu. Leo shingo iliyokuwa rehani ilikuwa yangu, na mara kumi na tisa nimeomba adadi yake ivunjike."

Sultani akashika upanga. Rayya akasogea mbele akasema, "Najua, Sheikh. Kila ulipotaja mabaki sauti yako ilikuwa ya huzuni, nilikusikia. Lakini uliyataja. Ungesema mara moja tu kwamba hakikubaki kitu, na nani angeingia kwenye kokoto laki tano kukuhakiki? Roho yako ilitaka, na ulimi wako haukuweza kuisingizia adadi. Mtu wa namna hiyo namhitaji."

Basi Sultani akaurudisha upanga alani. Rayya akaketishwa mkono wa kulia, akavikwa johari, akajengewa nyumba yenye madirisha ishirini na tatu, na mwaka haukuisha Sultani akataka kumposa. Akamchagua Sheikh Mudathiri awe mshenga, na sijui kama ni adhabu au heshima. Mzee akaenda na barua ya posa na sinia la halua, akaketi mbele ya mama yake Rayya, na desturi ikamlazimu kuieleza hadhira kwa nini Sultani amemtaka binti huyu na si mwingine. Akafungua kinywa kusema kwamba hapana mjuzi wa hesabu aliyempita katika Kaharabu. Mara ya kwanza neno likamkwama, akakohoa, akaletewa maji ya chemchemi. Mara ya pili likatoka zima, na hakufa.

Harusi ikaliwa siku saba, na Rayya na Sultani wakaishi kwa raha na utajiri. Mtaniuliza kama wivu ulimtoka mzee. Mimi siwadanganyi, haukumtoka wote. Hata siku ya harusi alionja pilau akasema chumvi imepungua. Lakini kila asubuhi alikwenda kwa Rayya na ubao wake wa mchanga kujifunza, na akifika anabisha hodi. Wahenga walisema hasidi hana sababu, nami naongeza kwamba hana faida pia, maana anachomwombea mwenzake kivunjike mara nyingi ndicho kilichomshika yeye asianguke. Aliyeelewa na aitikie, na aliyejiona humu asiniangalie mimi.